Vijana wananiletea mizigo yao, nami sina cheti chochote

Mama, hujambo?

Mimi ni mwanamume wa miaka 28, naishi Mathare, Nairobi. Mchana nafanya kazi ya mjengo ikipatikana, na jioni nafundisha timu ya mpira ya vijana wa mtaa wetu. Wengi wao wana miaka 14 hadi 19. Jumamosi asubuhi tunazoa taka na kuzibua mtaro, halafu tunacheza, halafu tunakaa kando ya uwanja tukizungumza. Mazungumzo hayo ndiyo yamenifanya nikuandikie.

Yalianza baada ya mafuriko ya Aprili 2024. Familia kadhaa za vijana wangu zilikuwa zinaishi karibu na mto. Kilichoachwa na maji kilikuja kubomolewa na matingatinga. Kuna waliohamia kwa jamaa, kuna walioacha shule. Mmoja alirudi uwanjani lakini hachezi. Anakaa tu na viatu mkononi. Nikamwita tukae. Alizungumza hadi giza likaingia. Jumamosi iliyofuata alikuja na mwenzake, na sasa karibu nusu ya timu hubaki baada ya mechi. Wanasema mambo mazito: baba anayempiga mama, kaka aliyepigwa risasi na polisi, karo, dada aliyepata mimba, usingizi usiokuja. Mimi nasikiliza. Mara nyingine nawasimulia niliyopitia mwenyewe.

Mwaka jana shirika moja lilikuja. Tulifunzwa siku chache katika ukumbi wa kanisa, tukapewa fulana, chakula na nauli, tukapigwa picha. Tukaambiwa sisi sasa ni mabalozi wa afya ya akili. Hawajarudi, na nambari waliyotuachia haishikwi.

Sasa nimebanwa. Mama wa kijana mmoja alinijia nyumbani kwa hasira akasema tangu mwanawe aanze kukaa na sisi analia usiku, na kwamba nafungua vidonda nisivyoweza kuvitibu. Pasta anasema hayo ni ya kuombewa. Wenzangu wa mjengo wanasema mwanamume anayekaa kusimuliwa huzuni amelegea.

Na wiki hii kijana wa miaka 17, nitamwita K., aliniambia amechoka kuishi. Aliniapisha nisimwambie mtu, hasa mamake. Niliogopa kumuuliza zaidi nisije nikampa wazo. Niliogopa pia kumpeleka hospitali, kwa sababu mtaani tunajua mtu akijaribu kujiua hushtakiwa. Tangu hapo silali. Simu ikilia usiku moyo unaruka.

Niendelee, au niwaachie waliosomea?

Kocha, Mathare

*

Kocha mwanangu,

Nianze na K., kwa maana hayo mengine yanaweza kusubiri.

Mwone leo. Tafuteni mahali patulivu, umuulize bila kuzunguka: "Unafikiria kujiua?" Ulimi utakuwa mzito, lakini uliza. Wanaofanya kazi hii miaka yote wanakubaliana kwamba swali hilo halimpi mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Mara nyingi humpa nafuu, kwa sababu hatimaye kuna mtu anayeweza kulisikia neno hilo bila kukimbia. Akikujibu ndiyo, muulize kama ameshapanga. Akiwa amepanga, au akiwa na kitu karibu cha kujidhuru, usimwache peke yake. Kitu hicho kiondolewe, na mwende hospitali siku hiyohiyo. Hospitali ya Mathari, ile ya magonjwa ya akili, iko ng'ambo ya barabara ya Thika, mnaweza kufika kwa miguu. Ukikwama usiku na hujui pa kuanzia, piga 1199, nambari ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, haina malipo. Kwa kuwa K. hajafika miaka 18, unaweza pia kupiga 116, nambari ya kusaidia watoto.

Kile kiapo cha siri huwezi kukitunza, na lazima K. alisikie hilo kutoka kwako kabla ya kumwambia mtu mwingine yeyote. Mwambie hivi: "Nilikuahidi kunyamaza, lakini uhai wako ni mkubwa kuliko ahadi yangu. Tutamwambia mtu mzima mmoja. Chagua wewe ni nani, na nitakuwa nawe." Muulize kwa upole kwa nini hataki mama ajue. Vijana wengi huogopa kumwongezea mama mzigo, na hapo mama ndiye wa kwanza wa kuambiwa. Lakini ikiwa nyumbani ndiko kunakomuumiza, mtafutieni shangazi, mwalimu au jirani anayemwamini.

Kuhusu polisi, waambie vijana wako wote habari hii, kwa sababu hofu hiyo imewazuia watu wengi kutafuta msaada. Kweli kulikuwa na Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa lenye kifungo cha hadi miaka miwili. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Na kusema "nimechoka kuishi" hakukuwa kosa hata zamani. Mpeleke K. hospitali bila hofu hiyo.

Sasa swali lako. Hapana, usiwaachie waliosomea, kwa sababu mtaani kwenu hawapo wa kutosha, na vijana wamekuja kwako. Lakini pia usiendelee hivyo unavyoendelea.

Nikupeleke Harare, Zimbabwe, kidogo, mtaa wa Mbare, unaofanana na kwenu kwa msongamano na kwa nyumba zilizobomolewa na serikali. Dkt. Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, alimpoteza mgonjwa wake, msichana aliyejiua wakati familia ilikuwa haijapata nauli ya basi ya kumrudisha hospitalini. Akaona kwamba kukaa hospitali kusubiri wagonjwa ni kuwasubiri wasioweza kufika. Mwaka 2006 akaanza kazi Mbare. Kliniki haikuwa na chumba cha kumpa wala wauguzi wa ziada. Ilichokuwa nacho ni mabibi 14, yaani akina nyanya, waliokuwa wakijitolea katika kazi za afya mtaani. Basi vikao vikafanyika nje, kwenye benchi la mbao. Ndiyo maana mpango ule unaitwa Benchi la Urafiki, na umeshafika hata Malawi na Zanzibar.

Wale mabibi hawakuwa na shahada. Mwaka 2016 jarida la madaktari la JAMA lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa Harare kwa watu 573. Baada ya miezi 6, kati ya waliokaa na mabibi, waliobaki na dalili za sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, hawakufika 14 kwa kila 100. Kati ya waliopata huduma ya kawaida ya kliniki, walikuwa karibu 50 kwa kila 100. Kila nikisoma takwimu hizo napata nguvu mpya, kwa sababu zinazungumzia watu kama wewe.

Na hapo Nairobi na Kiambu kuna Shamiri, mpango ulioanzishwa na Tom Osborn, Mkenya mwenzetu. Wanaoongoza vikao ni vijana waliomaliza sekondari juzi tu, wakapewa mafunzo mafupi. Vikao ni vinne, mara moja kwa wiki, na kwa sehemu kubwa havizungumzii ugonjwa. Vinazungumzia jinsi mtu anavyoweza kubadilika na kukua, kushukuru, na mambo anayoyathamini maishani. Kwa hiyo hakuna anayeonekana mgonjwa kwa kuhudhuria. Utafiti wao wa wanafunzi 413, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha sonona na wasiwasi vikipungua zaidi kwao kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma.

Mpira wako una faida hiyohiyo. Hakuna mama atakayeulizwa na majirani kwa nini mwanawe anaenda uwanjani. Na mtaani kwenu watu wanaielewa njia hii tangu 1987, chama cha michezo cha MYSA kilipoanza kuunganisha ligi na usafi hadi timu zikawa zinapata pointi kwa kuzoa taka. Usije ukabandika bango la "ushauri nasaha" pale uwanjani. Acha ibaki timu.

Lakini wale mabibi wana mambo ambayo wewe huna, na ndiyo yanayokukosesha usingizi.

Kwanza wana utaratibu. Bibi wa Harare hasikilizi tu. Ana maswali 14 anayoanza nayo ili ajue hali ya mtu ni nzito kiasi gani. Kisha anamwacha mtu ataje shida zake zote, na wanachagua moja tu ya kushughulikia. Bibi hamwambii afanye nini, anamuuliza, "Unadhani unaweza kuanza na nini?" Mtu anaondoka na hatua moja ndogo, na wiki inayofuata anarudi kueleza ilivyokwenda. Ndipo tofauti kubwa inapotokea. Kijana aliyelia wiki nne mfululizo juu ya karo bila hatua yoyote huwa amejifunza kwamba kulia hakusaidii. Kijana mliyekaa naye mkajaza fomu ya basari, mkaipeleka pamoja, huwa amejiona akifanya jambo hata kama basari haikutoka. Basi Jumamosi yenu iwe hivyo: shida moja, hatua moja, kurudi kueleza. Na ile hadithi yako mwenyewe ipunguze. Ikizidi, wao ndio wataanza kukubeba wewe.

Nikae kidogo hapo kwenye karo, kwa sababu naona wengi wanaoandika juu ya vijana wa mitaa wakiruka jambo hili. Mtoto ambaye hajala tangu jana, ambaye godoro lake lilikwenda na mto, ana haki ya kuhuzunika. Pumzi za taratibu hazitamlipia mamake kodi ya nyumba. Harare wanalijua hilo: wanaomaliza vikao vya benchi hujiunga na kikundi cha wenzao, na wanapozungumza husuka mikoba kwa plastiki iliyotumika, wakaiuza. Vijana wako wanazoa taka kila Jumamosi. Ulizeni katika mtaa nani ananunua chupa na plastiki kwa kilo, muweke hizo pesa katika chama chenu wenyewe, hata kama ni kidogo. Nimeona vijana wakiinua vichwa kwa sababu ya mia mbili walizozitafuta wenyewe.

Pili, mabibi hao wana mtu nyuma yao. Bibi akimkuta mtu anayefikiria kujiua, au aliye na hali asiyoielewa, kuna muuguzi wa kliniki wa kumkabidhi. Na bibi mwenyewe ana wa kumweleza mambo aliyoyasikia. Wewe umebeba peke yako, ndiyo maana simu inakutisha. Mtafute mhudumu wa afya ya jamii wa sehemu yenu. Serikali iliwatuma mitaani kwa wingi mwaka 2023, na kila kijiji cha Mathare kinapaswa kuwa na wake. Mwombe akupeleke kituo cha afya kilicho karibu, umwone afisa tabibu au muuguzi anayeshughulikia afya ya akili. Mweleze unachofanya na umwombe mambo mawili: jina la mtu wa kumpelekea kijana aliyezidiwa, na saa moja kwa mwezi ya kukaa nawe mpitie yaliyokushinda. Akikataa, nenda kituo kingine. Wewe unamsaidia kufanya kazi yake.

Tatu, wana mipaka, na hapa namgeukia yule mama aliyekujia kwa hasira. Usimkasirikie. Ana haki kwa sehemu. Mtoto akisimulia mbele ya wenzake kumi na tano jambo lililomvunja, halafu filimbi ikapulizwa kila mtu akaenda kwake, anabaki nalo usiku peke yake, na kesho anaogopa litazunguka mtaa mzima. Shirika la Afya Duniani lenyewe halishauri kuwashinikiza watu kusimulia kwa undani maafa yaliyowapata. Kwa hiyo pale kwenye duara asilazimishwe mtu kusema, na maelezo ya ndani yasiombwe. Mambo ya kudhulumiwa kimwili, ya nyumbani, ya mimba, yasikilizwe pembeni, mahali ambapo wengine wanawaona lakini hawawasikii. Kwa wasichana, usikae nao peke yako kamwe. Tafuta mwanamke anayeaminika akae nao: mhudumu wa afya, mwalimu, dada mkubwa wa mmoja wa wachezaji. Na mtoto anayepigwa au kunajisiwa si jambo la kuzungumza tu. Hilo ni la afisa wa watoto au 116, hata kama mtu mzima anayehusika ni rafiki yako.

Kisha nenda kwa yule mama, mchana, ukiwa umevaa vizuri. Mwambie umesikia alichosema. Mwambie mtoto anayelia usiku huenda alikuwa na machozi hayo kabla ya kukujua, lakini kwamba umebadilisha namna mnavyokaa, na mweleze ulivyobadilisha. Mwalike siku moja aje kuwapikia chai akae nao kidogo. Wazazi wa Mathare wamezika watoto wengi mno kuwa na imani ya haraka na mtu anayewakusanya vijana wao.

Hao wanaokusimulia ndugu waliouawa na polisi, usiwaweke peke yao na maumivu hayo. Mathare ina watu wanaoyajua. Bi. Benna Buluma, aliyeitwa Mama Victor, alipoteza wanawe wawili katika vurugu za baada ya uchaguzi wa Agosti 2017. Aligeuza msiba huo kuwa kazi ya kuwakusanya akina mama wengine waliofiwa kama yeye, wakaliana, wakafuatana kortini. Mafuriko hayohayo ya Aprili 2024 yaliyokuletea vijana wako yalimchukua yeye, Mungu amrehemu. Lakini mtandao wa wale akina mama upo, na Kituo cha Haki za Kijamii cha Mathare kipo. Wapeleke vijana hao huko. Mwenye huzuni yenye jina la mtu na tarehe anahitaji pia mtu wa kumsaidia kudai haki, na wewe hiyo huiwezi uwanjani.

Pasta wako usishindane naye. Maombi yanawashika watu wengi wasianguke, nami naomba kila siku. Mwambie: "Tuombe, na pia tumpeleke hospitali." Wachungaji wengi hukubali wakiona hujaja kuwapinga. Wale wa mjengo waache. Kuna mmoja kati yao atakuja kukutafuta usiku.

Kuhusu lile shirika la fulana, nakasirika kwa niaba yako. Kumfunza mtu siku chache, kumpa cheo cha ubalozi, kisha kumwachia nambari isiyoshikwa, ni kumpa dhamana bila msaada, na anayeumia ni yeye pamoja na watoto wanaomwamini. Mwaka 2020 jopo lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilishauri afya ya akili itangazwe kuwa janga la kitaifa. Mashirika mengi yameingia mitaani tangu hapo, na mengine yanafanya kazi njema kabisa. Likija jingine, kabla hujakubali kuitisha vijana, uliza: Nani atanishikia simu miezi 6 baada ya mafunzo? Kijana akizidiwa, mnampeleka wapi na nani analipa nauli? Mtanipa mtu wa kunisimamia kila mwezi? Picha za watoto hawa mtazipeleka wapi? Wasipokuwa na majibu, waambie wakirudi nayo mtazungumza.

Sasa wewe. Usingizi ulioukosa ni dalili, ichukue hivyohivyo ungeichukua kwa K. Weka saa: baada ya saa tatu usiku hushiki simu isipokuwa ya hatari, na vijana wote wawe na 1199 katika simu zao ili wasikutegemee wewe tu. Chagua wawili kati ya wakubwa wa timu, wale wanaosikiliza kuliko kusema, uanze kuwafundisha kuongoza Jumamosi, ili ukipata kibarua cha mbali au ukiugua, duara lisivunjike. Umeniambia kwamba huwa unawasimulia uliyopitia, lakini hukuniambia wewe ulimsimulia nani. Ukienda kwa yule afisa tabibu kuwaombea vijana, kabla hujatoka, mwombe na nafasi yako mwenyewe.